Naomba ushauri: kufuatilia rekodi za kale za "La Bamba"

Wanajamvi, salaam. Naomba msaada kwa yeyote aliyezoea kuchimba santuri za zamani.

Nafuatilia rekodi za mwanzo za "La Bamba", wimbo wa asili wa Veracruz, Meksiko. Wengi tunaujua kwa gitaa la umeme la Ritchie Valens, 1958, lakini mimi nautaka ule wa kinubi na jarana, kigitaa chembamba kinachochapwa kwa kasi mpaka mguu unacheza wenyewe. Ya zamani kabisa niliyoipata ni ya Álvaro Hernández Ortiz, aliyejiita El Jarocho, ya lebo ya Victor, mwishoni mwa miaka ya 1930. Nimepekua mkusanyo wa Frontera, hazina ya mtandaoni ya rekodi za muziki wa Kimeksiko, wa chuo kikuu cha UCLA, Marekani. Ni mali kweli, ila ukiwa nje ya chuo unasikia kipande tu. Ukitafuta kwa jina la wimbo, yanamiminika matoleo ya baadaye.

Je, kuna orodha ya santuri za Victor za Meksiko iliyopangwa kwa namba zilizochongwa kwenye sahani? Na aliyewahi kuwaandikia Fonoteca Nacional, hifadhi ya taifa ya rekodi za sauti, Jiji la Meksiko, akiwa nje ya nchi: wanakuruhusu kusikiliza rekodi nzima, au lazima ufike? Kihispania nakisoma, kwa hiyo hata viungo vya Kihispania vitanifaa.