Naomba ushauri: minyoo bapa na maji ya Lamu

Assalaam alaykum wenzangu. Nafundisha baiolojia hapa Lamu. Niliwaambia wanafunzi kwamba mwaka 1898 mwanabiolojia Thomas Hunt Morgan alikatakata planaria (aina ya minyoo bapa), na hata kipande cha 1/279 ya mwili kikawa mnyoo kamili, kwa ajili ya seli shina ziitwazo neoblasti. Sasa wananidai niwaonyeshe!

Juzi maji yalipotoka tuliokota mnyoo bapa wa baharini chini ya jiwe, ana marembo kama leso. Tukamkata. Kipande cha mkia hakikuota kichwa, kikaoza, na harufu yake msiniulize. Kumbe wengi wa baharini ukishawatenga na ubongo basi tena. Mabingwa ni planaria wa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi.

Shida yangu ni maji. Kisima chetu kina chumvi, ya mfereji nachelea klorini. Birika la nyumbani, yaani hodhi letu, lina maji ya mvua, ila tumetia visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Nikiyachota yakatuama ndooni, yatafaa?

Na kuna aliyewahi kuwapata planaria huku pwani, labda kandokando ya Mto Sabaki? Chambo nimeambiwa ni ini. La kuku au la ng'ombe?