RCD ya nyumba nzima, RCBO ya bafuni tu, au nichimbie ethi kwanza? Nina uwezo wa kimoja kwa sasa

Njiwa Pori
Wakuu habari za muda huu. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela. Nimenunua shawa ya umeme, ile inayochemsha maji hapohapo, bado ipo kwenye boksi maana wife amegoma kabisa isifungwe mpaka nimhakikishie haitapiga mtu shoti. Sasa kila ninayemuuliza ana lake. Mmoja kasema niweke RCD, kile kifaa kinachokata umeme ukivuja, moja kubwa pale kwenye maini swichi ilinde nyumba nzima. Mwingine akasema hiyo itakuwa inakatakata umeme hovyo, bora RCBO, yani RCD yenye breka ndani yake, kwenye laini ya bafuni peke yake. Wa tatu anasema hayo yote mapambo, nichimbie ethi rodi ya maana tu, ile fimbo ya chuma ya kupeleka umeme ardhini, na breka nilizonazo zitafanya kazi. Kipi kinaanza?

Fundi Waya
Umeuliza swali nusu mkuu. Shawa kilowati ngapi? Waya unaoenda bafuni unene wake ni milimita za mraba 2.5 au 4 au nini? Nyumba ina ethi sasaivi au haina? Na kama ipo, inatoka kwa wenye umeme pamoja na laini yao au una rodi yako mwenyewe ardhini? Bila hayo wote humu tunapiga ramli.

Mzee wa Testa
RCD nyumba nzima, 30mA, tufunge mjadala. Hicho kifaa kinaangalia umeme unaotoka kwenye laivu na unaorudi kwenye nyutro, kama mlinzi wa getini anayehesabu waliotoka na waliorudi. Ikipungua tu miliampia 30 maana yake kuna mahali umeme umepita njia nyingine, labda kwenye mwili wa mtu, kinakata. Kwa viwango vya kimataifa vuja la 30mA kinatakiwa kikate ndani ya milisekunde 300, likifika 150mA ndani ya milisekunde 40. Mtu aliyelowa akishika laivu ya 230 anavuta zaidi ya hiyo 150, kwahiyo hata hajamaliza kushtuka umeme umeshaondoka. Na hakihitaji ethi ili kifanye kazi, hilo wengi hawalijui. Kaweke hiyo usihangaike na mengine.

Bi Plagi
Mzee wa Testa shikamoo, ila hapo kwenye "usihangaike na mengine" tutagombana. RCD moja nyumba nzima maana yake siku feni ya chumba cha watoto ikiingia unyevu, nyumba yote giza, friji limezima, na wewe umeshika tochi unachomoa plagi moja moja kutafuta mchawi. Halafu vifaa vya kielektroniki vina filta ndani vinavujisha kidogokidogo kwenda ethi hata kama havina ubovu, kompyuta, mashine ya kufulia, tivi, ukijumlisha unakuta RCD imeshabeba miliampia kadhaa kabla hakijaharibika kitu. Na yenyewe inaruhusiwa kukata kuanzia nusu ya hiyo 30. Ndo zinaanza zile kesi za "inakata yenyewe tu", mwisho fundi wa mtaani anaiondoa anaunganisha moja kwa moja. RCBO kwenye bafu, hiyo ni RCD na breka ndani ya kitu kimoja, ikikata inakata bafu tu.

Mzee wa Testa
Marahaba binti yangu. Sasa soketi ya jikoni inalindwa na nani? Watu wanapigwa shoti bafuni tu?

Bi Plagi
Kaulizwa bafu mzee wangu, anafunga shawa. Akipata hela nyingine aweke na za soketi, sijamkataza.

Kijana Mdadisi
Samahanini mimi sio fundi, ila breka si ndo kazi yake kukata? Mtu akipigwa shoti kwanini breka isikate?

Fundi Waya
Breka ya kawaida inalinda waya usiungue, haikulindi wewe. Piga hesabu, breka ya ampia 32 ya aina B ili ikate papo hapo inataka mara tatu mpaka tano ya hapo, yani ampia 96 mpaka 160. Moyo wa binadamu unaweza kuvurugika kwa chini ya ampia 0.1 ikipita kifuani sekunde moja hivi. Kwa breka wewe ni kama kitaa kidogo tu kimewashwa, haikuoni kabisa.

Na hapohapo nimjibu yule wa ethi rodi peke yake, kwa sababu huo ndo ushauri mbaya kuliko yote uliopewa na ndo unaonekana wa kizamani na wa busara. Tuseme umechimbia rodi ukaipima ukapata ukinzani wa omu 40, na kwa rodi moja kwenye udongo mkavu hiyo ni afadhali. Laivu ikagusa mwili wa chuma wa hita. Volti 230 gawa kwa 40 unapata kama ampia 5.75. Breka ya 32 inaona ampia tano na kitu, inaendelea na maisha yake, na chuma cha hita kimekaa na karibu volti zote 230 kinakusubiri uje kuoga. Rodi ikiwa na RCD ndo habari inabadilika, maana 30mA inafika hata ardhi ikiwa mbaya mno. Ukitaka chuma kisizidi volti 50 hesabu inakuruhusu hadi omu 1,667, ingawa fundi mwenye akili hapendi kuzidi 200 kwa sababu huko juu rodi haitabiriki, ikinyesha ni nzuri kiangazi imekufa.

Kama ethi inatoka kwa wenye umeme kwa waya, yani imeunganishwa na nyutro kule kwao, hapo njia ni ya chuma mwanzo mwisho, ampia mia kadhaa zinapita na breka inakata kweli. Ndo maana nimeuliza lakini mwenye uzi kanyamaza.

Njiwa Pori
Nipo mkuu nilikuwa kazini. Shawa imeandikwa 5.5kW. Waya sijui ni wa ngapi ila ni mnene mnene. Ethi ipo, soketi zote zina matundu matatu.

Fundi Waya
"Mnene mnene" 😂 5.5kW kwa 230 ni ampia 24. 2.5 ya kupita ndani ya bomba la ukutani hapo inachemka, anzia 4, kama ni mbali au imebanana na nyaya nyingine weka 6. Na tundu la tatu kwenye soketi ni plastiki tu mkuu, halithibitishi kitu. Fungua soketi uone kama kuna waya wa kijani na njano, halafu ufuatilie unaishia wapi. Zima maini swichi kwanza na uhakikishe imezima kweli, usije kutuachia uzi hauna mwenyewe.

Nahodha Mstaafu
Hapo kwenye unaishia wapi nina kisa, kirefu kidogo mvumilie.

Tulipanga nyumba, zipo mbili kwenye uwanja mmoja, kila moja na mita yake. Kwetu RCD ipo, mpya kabisa, ukibonyeza kile kitufe cha T cha kuijaribia inakata safi. Mama watoto akaanza kulalamika friji linamfinya. Sio shoti ya kumrusha, ni ile ukipitisha mgongo wa vidole taratibu kwenye mlango unasikia kama chuma kimekuwa na mchanga. Nikasema ni friji bovu. Nikachomoa plagi, likaacha. Nikachukua friji nikaipeleka kwa fundi, akaipima siku nzima, haina kitu. Ikarudi, inafinya. Siku nyingine haifinyi kabisa. Siku nyingine inafinya jioni tu, tena ukiwa peku kwenye sakafu iliyopigwa deki inauma haswa, na hata pasi ikiwa imezimwa kwenye swichi inafinya mradi plagi iko ukutani.

Nikazima maini swichi nzima ya kwetu. Nyumba giza. Nikaweka multimita, ncha moja kwenye pini ya ethi ya soketi, nyingine kwenye msumari nilioupigilia chini nje mlangoni. Volti mia na kitu. Umeme umezimwa!

Kumbe waya wa ethi wa kwetu na wa jirani vilikutana kwenye rodi moja nyuma ya nyumba, na waliokuja kupanua uwanja walipochimba waliukata waya unaoshuka kwenye rodi wakafukia wakamwaga zege. Kwahiyo nyumba mbili zimeunganishwa ethi zenyewe kwa zenyewe na hakuna anayegusa ardhi. Jirani ana birika kipengele chake cha kuchemshia kimepasuka, akilichomeka jioni laivu inaingia kwenye mwili wa birika, inapanda kwenye waya wa ethi, inakuja mpaka kwenye friji la kwetu. Kwake hakuna RCD, breka yake haioni kitu.

Sasa Mzee wa Testa nikuulize kwa heshima. RCD yangu nzima, mpya, ingenisaidia nini? Umeme haukupita kwenye laivu yangu wala nyutro yangu. RCD haikati waya wa ethi.

Mzee wa Testa
Hiyo kesi ni ya peke yake Nahodha, jirani angekuwa na RCD isingetokea.

Nahodha Mstaafu
Na mimi nitamlazimisha jirani vipi? Ndo maana nasema ethi ipimwe kwanza. Na kile kitufe cha T watu wanakiamini sana, kinapima kifaa chenyewe tu kama bado kinaruka, ethi yako inaweza isiwepo kabisa na kitufe kikakubali.

Shoti Kati
Mnamzungusha bure mwenzenu. Kama ethi haipo unachukua kipande cha waya unaruka kutoka nyutro kwenda pini ya ethi hapohapo kwenye soketi, kwisha habari. Nyutro si imeshafungwa ardhini huko kwenye transfoma? Nimefunga hivyo nyumba kibao.

Bi Plagi
USIFANYE HIVYO Njiwa Pori. Kwa wengine wanaosoma, siku nyutro ikilegea au kukatika kabla ya hapo, umeme unapita kwenye kifaa, unafika nyutro haina pa kwenda, unarudi kwa hicho kipande cha waya mpaka kwenye mwili wa chuma. Kifaa hakijaharibika, breka haijakata, na kimekaa na laivu. Na fundi akigeuza nyaya za laivu na nyutro kwa bahati mbaya ndo umepeleka laivu kwenye mwili wa friji moja kwa moja. Kuunganisha nyutro na ethi kunafanyika sehemu maalumu kule mwanzo wa laini na wenye umeme wao, sio kwenye soketi.

Shoti Kati
Hamjaleta hata mmoja aliyekufa.

Fundi Waya
Aliyekufa haingii humu kuandika.

Kijana Mdadisi
Swali la pembeni, nilisikia AC, huu umeme wa ukutani, inavuta mtu na DC, ule wa betri, inarusha, kwahiyo tungetumia DC majumbani si ingekuwa salama?

Nahodha Mstaafu
Edison alijaribu kuwaambia watu hivyohivyo miaka ya 1880 wakati anauza DC na kupigana na Westinghouse wa AC, hakushinda. AC iliwazidi kwa sababu ya transfoma, unapandisha volti unasafirisha mbali unashusha.

Ila kuhusu kuvuta kuna ukweli ndani yake. Umeme wa 50Hz unageuka mwelekeo mara 100 kwa sekunde, misuli inabanwa haipati nafasi ya kulegea, ya kufunga kiganja ina nguvu kuliko ya kufungua, ndo unakuta mtu kashika waya hawezi kuachia. Haumvuti, ni mkono wake mwenyewe. Profesa Dalziel wa Berkeley alipima watu waliojitolea, wanaume wastani ulikuwa 16mA ndo mwisho wa kuweza kuachia, wanawake kama 10.5. Huyohuyo ndo baadae akabuni kile kifaa ambacho Wamarekani wanaweka kwenye soketi, chao kinakata kwenye 5mA hivi.

Mzee wa Testa
Na hizo 230 zenyewe sio kilele. Kilele ni kama 325, 230 ni ile inayofanya kazi sawa na DC ya 230. DC nayo ya volti nyingi inaua vizuri tu, tena cheche yake haizimiki kirahisi maana haipiti kwenye sifuri, waulizeni wanaofunga sola za paneli nyingi.

Kijana Mdadisi
Kwahiyo Wamarekani na 120 yao wako salama zaidi?

Mzee wa Testa
Upande wa shoti ndiyo, kwa kiasi kidogo. Kwa moto wa nyaya wanatumia ampia mara mbili kwa kazi ileile, sasa chagua.

Bi Plagi
Jamani turudi bafuni. Njiwa Pori, hiyo shawa kipengele chake kiko ndani ya bomba la chuma au ni koili tupu inayogusana na maji?

Njiwa Pori
Nimefungua boksi, naona koili kama ya jiko, maji yanapita juu yake. Kuna waya mmoja wa kijani umening'inia. Soketi nimefungua mbili, moja ina waya wa kijani na njano, nyingine ina tundu la tatu tu nyuma hakuna kitu.

Fundi Waya
Basi jibu la ethi umeshalipata, nusu nyumba haina. Na koili tupu maana yake maji yenyewe yanagusa umeme, huo waya wa kijani usipofika ardhini kweli ni wewe chini ya bomba ndo ardhi. Tena hizo za koili tupu zinasumbuana na RCD, maji yakiwa na chumvi nyingi vuja linapanda, inakata ukiwa na povu kichwani.

Mzee wa Testa
Ikikata ujue imeona kitu. Usiilaumu RCD, ilaumu shawa.

Bi Plagi
Hapa nakubaliana na mzee. Kama duka linarudisha, rudisha uchukue yenye kipengele kilichofunikwa.

Njiwa Pori
Risiti sina. Fundi anakuja jumamosi, anasema atamwaga chumvi na mkaa kwenye shimo la rodi itakuwa fresh. Ni kweli?

Fundi Waya
Chumvi inashusha omu mwanzoni, mvua inaiosha, na rodi inakula kutu mapema. Rodi ndefu zaidi au mbili zilizotengana zinashinda. Muulize ana kifaa cha kupimia ardhi? Sio testa ya bisibisi, kipimo chenyewe.

Njiwa Pori
Amesema atatumia balbu, akiunga laivu na rodi ikiwaka ethi ni nzuri.

Nahodha Mstaafu
Balbu ya wati 60 inawaka hata ardhi ikiwa omu 100, kwahiyo kuwaka kwake hakukuambii ethi ni nzuri. Mtafute mwingine.

Shoti Kati
Mimi nimetumia balbu miaka yote.

Kijana Mdadisi
Wakuu kabla uzi haujapotea, jenereta ndogo ya nyumbani nayo inatakiwa rodi yake? Maana yangu ina skrubu ya ethi pembeni na sijawahi kuifunga kitu.

Mzee wa Testa
Inategemea inalisha nyumba nzima au kifaa kimoja kwa plagi. Ya aina gani?

Kijana Mdadisi
Ya bluu.