Tupeane uzoefu: mauthipisi ya alto ya bei nafuu kwa jazz na blues

Mpuliza wa Ijumaa:

Habari za jioni wakuu.

Napuliza saksafoni ya alto mwaka wa nne sasa. Nimekulia kwenye bendi ya kanisani Arusha, na tangu Februari nimepata kazi ya Ijumaa hotelini: jazz na blues, watu wanne, maiki moja mbovu. (Nikisema jazz hapa sio ile ya dansi ya Morogoro Jazz, nasema ya Kimarekani, ya akina Charlie Parker. Najua kuna mzee atanirukia.) Wiki ya pili tu kiongozi wa bendi akaniita pembeni: "Dogo, nota zako ziko sawa, ila sauti yako bado iko ibadani."

Imeniuma, lakini ni kweli. Mauthipisi yangu (kile kipande cha kuweka mdomoni) ni Yamaha 4C, ile iliyokuja na saksafoni yenyewe. Sauti inatoka safi, imenyooka, haina doa. Sasa blues bila doa ni nini? Nina laki tatu na hapo ndipo hela ilipoishia. Naomba aliyenunua kwa pesa yake mwenyewe aseme alichukua nini na ikawaje. Vya kusoma nimeshasoma mpaka kichwa kinauma.

Mzee wa Ilala:

Mzee ndiye mimi, nimekuja kukurukia. Shikamoo hujatoa, lakini marahaba.

Huo ugonjwa wako niliugua kabla hujazaliwa. Nikanunua ya chuma, imepakwa rangi ya dhahabu, inang'aa kama bangili ya bi harusi. Muuzaji akaniapia kwamba "hii ndiyo ya jazz." Mwanya wake ulikuwa mpana ajabu, nami bila hata wiki moja ya mazoezi nikaenda nayo kwenye harusi. Nota za juu zilipasua masikio ya watu. Za chini hazikutoka kabisa: natafuta B-flati ya chini, inatoka milio miwili kwa mpigo, kama bata aliyekanyagwa. Seti ya kwanza haijaisha, mdomo wa chini umekufa ganzi. MC akadhani nimelewa. Miezi miwili baadaye ile dhahabu ikaanza kubanduka, meno ya juu yakawa yanakaa kwenye shaba tupu. Ipo kwenye droo hadi leo, wajukuu wanaichezea.

Sikiliza. Cha kwanza ni mwanya, yaani nafasi kati ya ncha ya ridi (kile kibanzi chembamba kinachotetemeka ukipuliza) na ncha ya mauthipisi. 4C yako ni milimita 1.60. 5C ni 1.70. Meyer 5, ambayo wapuliza alto wa Marekani akina Cannonball Adderley na Phil Woods waliifanya iwe maarufu, ni kama 1.80. Kwa hiyo kati yako na Cannonball kuna sehemu mbili za kumi za milimita. Laini ya simu ni nene zaidi ya mara tatu ya hapo! Lakini mdomo unazihisi.

Cha pili kiko ndani, na wengi hawakiangalii. Toa ridi, ielekeze mauthipisi kwenye mwanga, uchungulie. Kuna dari inayoanzia nchani kwenda ndani. Ikiwa imeshuka karibu na ridi, pumzi inabanwa, inakimbia, sauti inakuwa kali yenye makali ya wembe. Dari ikiwa imepanda na chumba cha nyuma kikawa kipana, sauti inatoka nzito, ina kivuli. Ile yangu ya dhahabu ilikuwa na dari ya chini kama chumba cha uani, ndiyo maana harusini watu waliziba masikio.

Sasa hivi natumia Meyer 5 ya chumba cha wastani, niliyoinunua kwa mtu aliyeacha muziki. Mpya, ukiweka na nauli ya kuileta, itakuvusha laki tatu. Jumamosi uko wapi? Mimi nakuja Arusha msibani, naweza kuja nayo uipulize.

Wa Diani:

Mimi napiga mahotelini huku Pwani ya Kusini, miaka kadhaa sasa. Natumia mauthipisi ya Rico Graftonite B5. Plastiki nyeusi, haina urembo, bei yake ni ya kawaida kabisa. Herufi ni chumba: A kikubwa, B cha wastani, C kidogo. Namba ni mwanya. Nilianza na C5 kwa tamaa ya makelele, ikawa kali mno, wageni walio meza ya mbele wakawa wanahama. B5 ndiyo nimekaa nayo.

Na anayedharau plastiki akumbuke Parker alipanda jukwaani Massey Hall, Toronto, mwaka 1953 na saksafoni yenye mwili wa plastiki, Grafton. Saksafoni, si mauthipisi!

Dada wa Saksi:

Shikamoo mzee wetu. Wengine hamjambo. Mimi naomba kupingana nanyi kidogo.

Mauthipisi yangu hadi leo ni 4C hiyo hiyo, na blues napiga. Nilichobadilisha ni ridi. Nilikuwa natumia namba 2 kwa sababu ndiyo duka lilikuwa nayo, na mwanya mdogo ukiuwekea ridi laini, ukikandamiza tu inafunga, sauti inakuwa nyembamba kama filimbi. Nikahamia namba 3 za jazz, ngumu zaidi. Wiki ya kwanza niliteseka, mashavu yaliniuma. Wiki ya tatu sauti ikapata nyama.

Halafu kuna zoezi alilonipa mpulizaji mmoja wa zamani. Chomoa mauthipisi, ipulize yenyewe bila saksafoni. Kwenye alto inatoka kama A ya kinanda. Sasa ishushe hiyo nota polepole, nusu hatua kwa nusu hatua, bila kulegeza midomo, koo na ulimi tu ndivyo vifanye kazi. Ndipo nota za blues zinapokunjwa. Nilikuwa nafanyia jikoni usiku, jirani akaja kuuliza kama tumenunua mbuzi.

Pia msikilize Louis Jordan na Eddie "Cleanhead" Vinson. Wote wawili walikuwa waimbaji na alto mkononi, na ukiwasikiliza utaona saksafoni inaimba maneno yale yale. Mimi huimba mstari kwanza, halafu ndiyo napuliza. Laki tatu yako inunue boksi mbili za ridi, inayobaki ule chipsi.

Mkwe:

Niruhusuni nicheke kidogo halafu nitoe langu. Nilimwagiza shemeji aliyekuwa anarudi kutoka Dubai: "Niletee mauthipisi ya saksafoni." Akaleta. Nzuri, boksi lake, kitambaa chake. Ya TENA, ile saksafoni kubwa kuliko alto. Kwenye shingo ya alto (bomba la juu inapovishwa mauthipisi) inacheza kama kofia ya baba kwa mtoto. Kwa vile shemeji alikuwa amekaa sebuleni anasubiri kusifiwa, nikazungusha ile tepu nyeupe ya mabomba kwenye kizibo cha shingo hadi ikakaza, nikapuliza. Mlio ulitoka! Ila kila nota ilikuwa chini, na kila nikipanda oktava inakwenda kwake inakojua. Shemeji akasema safi sana.

Andikeni neno ALTO kwa herufi kubwa, na mpige picha ya mlicho nacho.

Fundi wa Jioni:

Kwa wanaonunua za mkononi. Ebonaiti ni mpira mgumu, una salfa ndani. Yangu niliinunua imechafuka, nikaona niioshe kwa maji ya moto kama chupa ya mtoto. Ilitoka imegeuka kijani cha ukindu, inanuka kiberiti, na ladha yake mdomoni sitaki kuikumbuka. Maji ya uvuguvugu kwenda baridi, sabuni kidogo, basi.

Kabla ya kulipa: laza ule ubapa unapokaa ridi juu ya kioo cha simu. Ikiyumba hata kidogo, imepinda, iache. Kisha lowesha ridi, ifunge vizuri, ziba tundu la nyuma kwa kiganja, nyonya hewa, ondoa mdomo. Ridi inapaswa kushika kwa muda kidogo halafu iachie kwa mlio wa "pop". Ikiachia papo hapo, hewa inavuja mahali.

Na chunguza kingo za nchani kwenye mwanga. Usipitishe ukucha, kuna mtu alinimegea kwa ukucha.

Mpuliza wa Ijumaa:

Wakuu, mrejesho.

Mzee alikuja Jumamosi, Mungu amlipe. Tulikaa nyuma ya nyumba ya msiba, mbali na watu, tukapuliza kwa sauti ndogo. Meyer yake niliipenda vibaya mno, sitadanganya. Nota za katikati zilitoka kama mtu anayeongea akiwa na kahawa mdomoni. Kisha Mzee akafunga ridi namba 3, kama alivyoshauri Dada, kwenye 4C yangu, akaipuliza yeye. Ilikuwa ni sauti yake ile ile. Nilinyamaza.

Kwa hiyo nimenunua ridi, na nimeagiza Graftonite B5 kwa mtu anayerudi kutoka Nairobi (nimeandika ALTO mara tatu). Hela nyingine naiweka, pengine mwakani nitamsumbua Mzee aniuzie yake. Zoezi la mbuzi nimeanza. Ijumaa iliyopita kiongozi hakusema kitu, ila kwenye blues ya mwisho alinipa mizunguko miwili ya kupuliza peke yangu badala ya mmoja.

Mzee wa Ilala:

Yangu siuzi, acha kuiota. Ila kile kizibo cha shingo yako kimekauka, niliona unavyoisukuma mauthipisi kwa nguvu. Kipake grisi kabla hiyo mpya haijafika, la sivyo utavunja shingo.