Wachoraji mnaoandika, mnachanganyaje studio na utafiti?

rangi_mbichi: Wakuu habari zenu. Nafanya masta ya sanaa, msimamizi anataka picha pamoja na andiko refu. Shida ni kwamba nikishika brashi wiki inakata sijaandika kitu, nikikaa kusoma makala halafu nikarudi studio picha inatoka imekauka, kama mchoro wa kufafanulia andiko. Kuna anayeziweza zote mbili?

KakaTurubai: Mkuu mtafute Everlyn Nicodemus, Mtanzania mwenzetu, kazaliwa Kilimanjaro 1954. Alisoma anthropolojia Stockholm, kuchora kaanza 1980 na mwaka huohuo kafanya maonesho Makumbusho ya Taifa Dar. Baadaye akawa anakaa na wanawake Denmark, Tanzania na India, wanaongea yeye anasikiliza, ndo anaenda kuchora, sasa hapo utafiti umeishia wapi na studio imeanzia wapi? PhD kaipata 2012, keshachora miaka zaidi ya 30. Andiko lilifuata kazi, we unaanzia mkiani.

zuu_udongo: Yeye alikuwa na muda bana, mwenzetu ana dedilaini. Mi daftari linakaa palepale kwenye rangi, limejaa alama za vidole, naandika nimebadilisha nini na kwa nini, mfano "bluu imemeza uso, nimeifunika". Mikono ikiwa michafu narekodi voisi kwenye simu. Hiyo ndo data yako. Na utafiti uanzie kwenye kitu unachokishika, mcheki Michael Armitage, mchoraji mzaliwa wa Kenya, lubugo alikutana nayo soko la watalii Nairobi, kumbe ni kitambaa cha gome la mti wa mutuba na Waganda wanazikia wafu wao, leo anachora juu yake na yale matobo na mishono anayaacha yaonekane.

mzee_wa_brashi: Sawa ila tunamwandikia nani? Wengi wanaandika statimenti, yale maelezo ya msanii kuhusu kazi yake, za kuombea hela za wafadhili, "nachunguza utambulisho", hata mwenyewe ukimuuliza haelewi. Msimamishe huyohuyo mbele ya picha yake uone anavyotiririka. Andika hivyo.

rangi_mbichi: Mzee msimamizi wangu hataki lugha ya kijiweni 😅 Zuu hizo voisi zinaingiaje kwenye andiko?

zuu_udongo: Kama kiambatisho, na tarehe zake. Ila muulize msimamizi kwanza kabla hujazichapa, kuzichapa zote ni kazi ya punda.