Naomba ushauri: nataka kufundisha watoto piano nyumbani, Tudor

Habari zenu ndugu. Nataka kuanza kufundisha watoto piano nyumbani kwangu hapa Tudor, Mombasa, kuanzia miaka 6. Nina piano ya umeme yenye vibonyezo 88. Ile ya mbao naihofia, unyevunyevu wa bahari huvimbisha mbao na kuzitia nyuzi kutu.

Kinachonisumbua hasa ni malipo. Nitoze kwa kila kipindi, au kwa muhula mzima ili mzazi asimkatishe mtoto njiani? Na yule ambaye kwao hakuna hata kinanda kidogo, nimpokee? Moyo wangu wasema asinyimwe, ila bila mazoezi ya kila siku vidole havizoei. Nifanyeje?

Wadogo nusu saa yawatosha? Walimu na wazazi, nishaurini tafadhali.