London kwenda Sydney: niungie Dubai, Singapore au Perth?

Mabegi_Mawili: Wakuu habari zenu. Natoka Heathrow kwenda Sydney, mstari ulionyooka ni kama km 17,000, na ndege ya moja kwa moja siioni, naletewa tu za kuunga Dubai, Singapore au Perth. Ipi fupi? Siti za kawaida, sio za mabosi.

Kipimajoto: Kwa kilomita ni Singapore, inazidi mstari kwa mia na ushee tu, Dubai kama 500, Perth zaidi ya 700. Lakini mkuu hebu jumlisha masaa ya hewani: Dubai 7 na 14, Singapore 13 na kama 8, Perth karibu 17 na 4. Zote 21 humo humo!! Kinachotofautisha ni kusubiri katikati, kuna tiketi ya masaa mawili na kuna ya kukulaza kwenye benchi nusu siku, na ukitafuta haraka haraka huoni tofauti.

mama_transiti: Mie nilipita Perth, masaa 17 bila kushuka, miguu ikavimba viatu havivaliki. Ila ukishatua uko Australia tayari, hilo lina raha yake. Kama unasinzia kirahisi ichukue, kama hulali kwenye ndege achana nayo kabisa.

Rubani wa Kochi: Nyie mnahesabu masaa tu, angalia unafika saa ngapi. Zile zinazoondoka Dubai baada ya saa sita usiku zinatua Sydney usiku, unaoga unalala kitandani. Ya Singapore mara nyingi ukitoka London usiku unafika pale jioni, halafu usiku mwingine tena hewani, asubuhi unatua Sydney kama zombi na siku nzima bado inakusubiri. Na Sydney iko mbele ya London masaa 9 mpaka 11 kutegemea msimu, mwili hauelewi kitu hapo.

Kipimajoto: Sawa ila Singapore inagawa safari vizuri zaidi, hakuna kipande cha masaa 14.

Mabegi_Mawili: Na kurudi masaa ni yaleyale?

Kipimajoto: Yanaongezeka. Upepo wa juu huko unavuma toka magharibi kwenda mashariki, kwenda unakusukuma, kurudi mnapambana nao.

anko_mbawa: Moja kwa moja inawezekana jamani, Qantas, shirika la ndege la Australia, walishairusha Boeing 747 mwaka 1989, masaa 20 na dakika 9, wakarudia na 787 mwaka 2019, 19 na dakika 19. Sema zile zilikuwa na watu wachache mno, ya abiria kamili ndo wameagizia ndege za Airbus A350.

Mabegi_Mawili: Basi Dubai ya usiku. Niachie muda gani pale?

mama_transiti: Masaa matatu mwanangu, na iwe tiketi moja mpaka mwisho. Ukinunua mbili tofauti, ya kwanza ikichelewa, ya pili hawakujui.