Tupeane uzoefu: mvua na bahari zimegeuka, mnapata wapi nguvu ya kuendelea?

Mkulima wa Bondeni: Wakuu, habari za jioni. Mimi niko Rufiji. Aprili 2024 maji yalibeba mahindi na mpunga wangu wote. Mafuriko kwetu si mageni. Wazee walilima mlau: maji yakishuka unapanda kwenye unyevu uliobaki, unavuna bila kusubiri mvua. Ila safari hii maji yalikaa mpaka mbegu ya akiba ikaota ndani ya gunia. Wanasema hali ya hewa inageuka kwa sababu ya hewa ukaa, na Afrika nzima haifikishi asilimia 4 ya ile inayozalishwa duniani, na mimi nina jembe na baiskeli. Kuna siku naamka sioni sababu ya kushika hilo jembe. Wenzangu mnafanyaje? Msiniambie nivumilie, uvumilivu ninao.

Bibi Mwani: Pole sana mwanangu. Mie nalima mwani Unguja, upande wa kusini. Mwani wa aina ya kotonii ndio wenye bei, lakini maji yakipata moto hugeuka mweupe, hukatika, ukabaki na taitai, kile kikamba cha kuufungia, mkononi. Tumebaki na aina nyingine, spinosi, na bei yake ni kichekesho. Wataalamu wakasema twende maji ya kina. Haya, wengi wetu hatujui kuogelea na vyombo ni vya wanaume! Tukaingia kwenye sabuni: mwani unaukausha, unausaga, unachanganya na mafuta ya nazi, unatia karafuu. Kipande kimoja mgeni hukinunua kwa bei ambayo kilo nzima ya mwani mkavu haiifikii. Hatujatajirika. Lakini bamvua likija, maji yakipwa sana, najua natoka nyumbani kufanya nini.

Mfugaji Marsabit: Mimi matumaini ya mikutano ya tabianchi nishayaacha. Huko Sharm el-Sheikh, Misri, 2022 walikubaliana kuanzisha mfuko wa hasara na uharibifu, wa kusaidia nchi maskini zilizoumizwa, na sisi mvua zilikuwa zimekosa misimu mitano mfululizo. Mfuko haufufui ngamia. Kuna bima ya mifugo, setilaiti inaangalia malisho, yakikauka unalipwa. Jirani alilipwa, akanunua nyasi, akabaki na mbuzi wa kuanzia. Mimi sikukata. Pesa ya bima kwangu ni pesa ya unga.

Msee wa Mathare: Mfugaji umesema kweli, hata kujiokoa kunataka mtaji. Mto wetu hapa Nairobi unapita kwanza Muthaiga, mtaa wa matajiri. Kule ni bustani, huku ni choo. 2024 maji yalichukua vitu, tingatinga la serikali likachukua nyumba. Kitu kimoja kimetusaidia: kikundi cha simu. Kuna mlinzi wa geti huko juu, mvua ikipiga anapiga picha ya mto pale darajani, anatuma. Vijana wanapita na filimbi, watoto na wazee wanatolewa kwanza. Godoro linaweza kwenda, mtu haendi.

Mtu wa Gazi: Sisi Kwale tunatunza mikoko na kuuza hewa ukaa tangu 2013, yaani tunalipwa kwa hewa chafu ambayo mikoko inaifyonza. Wanaonunua ndio walewale wachafuzi, tunajua. Maji ya bomba yamefika kijijini, hilo nalo tunajua.

Mkulima wa Bondeni: Asanteni. Bibi, shikamoo, nitakuuliza ya sabuni baadaye. Msee, hiyo ya picha imenikaa. Maji yetu mengi yanatoka Kilombero, na mpaka yafike huku muda wa kuhamisha mbegu upo. Kuna mtu wa Ifakara, huko Kilombero, humu?